Ishirini na Moja: Anayetangulia Ndiye Anayelipa

Kila ninapomfundisha mtu mchezo huu wa karata, ishirini na moja, huanza kwa kumuuliza swali moja. Wewe na mgawaji mnashindana kuikaribia 21 bila kuivuka. Umeomba karata, ukafika 24, umechanika. Zamu ya mgawaji ikaja, naye akafika 25. Nani kashinda? Karibu wote hujibu kwamba hapo ni sare, maana wote wawili wamechanika. Kumbe dau lako lilikwisha kuondolewa mezani kabla mgawaji hajaanza zamu yake. Ulitangulia kucheza, ukatangulia kuungua, na mambo yako yakaishia hapo.

Faida ya kasino katika mchezo huu imekaa mahali hapo hasa. Haihitaji karata zilizotiwa alama wala mgawaji mwenye mkono mwepesi. Utaratibu wa zamu unatosha. Ndiyo maana ishirini na moja naupenda kuliko michezo yote ya kasino: ukishajua tatizo limekaa wapi, unaweza kulipunguza kwa akili mpaka libaki dogo sana. Haya ninayoyaandika ni maelekezo ya kulipunguza. Unaweza kuyafuata yote kwa punje za kunde badala ya fedha, na kwa wengi wetu ambao dini au mfuko umetukataza kamari, kunde zinatosha kabisa.

Ulikotoka

Mwaka 1613 Miguel de Cervantes wa Uhispania alichapisha mkusanyiko wa hadithi, na katika mojawapo wamo vijana wawili wazururaji waliokutana kwenye nyumba ya wageni njiani kwenda Andalusia. Wanakaa kivulini kucheza veintiuna, yaani ishirini na moja. Anatokea mswaga nyumbu kupunga upepo, anaomba awe wa tatu, wanamkaribisha kwa moyo mkunjufu. Nusu saa haijatimia, wamekwisha kumla reale 12 na maravedi 22, sarafu za Uhispania za wakati huo. Mmoja wa vijana hao anajigamba kwamba hakati karata bila ree, yaani esi, kubaki chini, na anaeleza faida ya kuwa na uhakika wa ree: unaweza kuihesabu moja, unaweza kuihesabu kumi na moja. Kanuni hiyo iko vile vile leo, zaidi ya miaka 400 baadaye. Kila nikiisoma habari hiyo nahisi kama vijana wale wamekaa meza ya jirani.

Katika karne ya 18 Wafaransa waliucheza kwa jina la vingt-et-un, maana ikiwa ile ile, na kwa jina hilo ulivuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1854, wakati wa homa ya dhahabu, mwanamke aliyeitwa Eleanore Dumont alifungua nyumba ya vingt-et-un katika mji wa Nevada City, California, na kugawa karata kwa mikono yake mwenyewe. Wachimbaji waliokuwa wamezoea vilabu vya vumbi na matusi waliingia kwake wamejisafisha.

Jina la Kiingereza, blackjack, ambalo kwetu hutamkwa blekijeki, lina hadithi inayosimuliwa kila mahali: kwamba kasino zilitoa zawadi kubwa kwa aliyepata ree ya shupaza pamoja na jeki mweusi, moja ya karata za picha. Hadithi ni tamu, lakini watafiti wa historia ya karata wanaitilia shaka. Mfaransa Thierry Depaulis amelihusisha jina hilo na wachimba dhahabu wa Klondike, Canada, mwishoni mwa miaka ya 1890. Mimi namwamini yeye.

Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, na tangu hapo mchezo ukawa wa biashara kamili: mgawaji akawa mfanyakazi wa kasino anayefuata kanuni moja bila kuamua chochote. Badiliko hilo lilionekana dogo. Lakini mpinzani asiyeamua chochote ni mpinzani anayehesabika, na waliokaa kumhesabu hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa wanajeshi wanne wa Marekani katika kambi ya Aberdeen, Maryland: Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Kwa mashine za mezani za kujumlisha walipitia mkono mmoja mmoja, yaani karata alizo nazo mchezaji, wakijiuliza kila mara kipi kinapoteza kidogo zaidi, kuomba karata nyingine au kusimama na ulizo nazo. Matokeo yao yalitoka mwaka 1956 katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Baadaye mtaalamu wa hisabati Edward Thorp akaipa kazi hiyo kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba mchezaji anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza hata kuishinda kasino. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilijaribu kubana kanuni kwa hofu. Wateja wakazisusa meza, na kanuni za zamani zikarudishwa.

Sehemu kubwa ya maelekezo yafuatayo ni urithi wa wale wanajeshi wanne.

Hatua ya kwanza: thamani za karata

Chukua pakiti ya karata 52, toa jokeri. Rangi hazina kazi hapa. Kopa, uru, pau na shupaza (majina tuliyoyapata kwa Wareno: copas, ouros, paus, espadas) zote ni sawa. Hakuna turufu, hakuna mwenzio wa kucheza naye. Aliyekulia kwenye karata za barazani itabidi asahau mengi kwa muda.

Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba yake. Karata tatu za picha, ambazo wazee wa pwani huziita wazungu, kila moja ni 10. Ukijumlisha kumi zenyewe na wazungu wake, pakiti ina karata 16 zenye thamani ya kumi. Ikumbuke namba hii. Ndiyo inayoendesha karibu kila uamuzi.

Ree, ambayo vijana huiita esi, ni 11 au 1, kwa vile inavyokufaa. Ree na 6 ni 17. Ukiomba karata ukapata 9, ree inashuka kuwa 1 na mkono wako ni 16. Hujachanika. Mimi huuita mkono kama huo mkono wenye ree hai: ree iko hai ikiwa bado unaweza kuihesabu 11. Ikishashuka kuwa 1, imekufa, na mkono ni wa kawaida.

Ree na karata ya kumi katika karata zako mbili za mwanzo ni blekijeki yenyewe, mkono bora kuliko yote. Hutokea takribani mara moja katika kila mikono 21. Lakini 21 ya karata tatu au nne si blekijeki, na hushindwa na blekijeki ya mgawaji.

Hatua ya pili: kukaa mezani

Kwa kasino, lazima uwe umetimiza umri wa sheria, na Tanzania na Kenya umri huo ni miaka 18. Meza ina umbo la nusu duara. Mgawaji husimama upande ulionyooka. Fedha usimpe mkononi. Ziweke juu ya meza, azihesabu mbele ya kamera, akupe chipu, vile vidonge vya duara vinavyosimama badala ya fedha. Weka dau ndani ya duara lililochorwa mbele yako. Karata ya kwanza ikishagawiwa, dau haliguswi tena.

Pale ambapo karata za wachezaji hugawiwa zikiwa wazi, na ndivyo ilivyo kwenye meza nyingi, usiziguse. Maamuzi hutolewa kwa mkono, kwa sababu kamera haisikii. Gonga meza kwa kidole mbele ya karata zako ukitaka kuongezewa. Pitisha kiganja hewani juu yake, kama mtu anayefukuza nzi taratibu, ukitosheka.

Nyumbani taratibu hizi si za lazima, lakini nakushauri uzizoee. Zinamfundisha mtu kuamua mara moja na kutorudi nyuma.

Hatua ya tatu: mzunguko mmoja

Changa karata, kata, gawa. Kila mchezaji anapata mbili. Mgawaji naye anajigawia, na karata yake moja huonekana. Marekani hujiwekea ya pili hapo hapo ikiwa imefunikwa. Nchi nyingine nyingi hujigawia hiyo ya pili baada ya wachezaji wote kumaliza. Tofauti hii ina maana yake, nitairudia.

Mchezaji wa kwanza upande wa kushoto wa mgawaji anaanza. Anaweza kuomba karata moja moja mpaka atosheke au achanike. Kisha anayefuata. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Kila mmoja ana shauri lake na mgawaji tu. Wote wakishamaliza, mgawaji anacheza kwa kanuni: akiwa na 16 au chini yake anavuta, akiwa na 17 au zaidi anasimama. Hana hiari. Hata akiona wewe una 18 na yeye ana 17, haruhusiwi kuvuta.

Mgawaji akichanika, wote waliobaki wanalipwa. Asipochanika, mwenye zaidi kati yake na wewe ndiye mshindi, na mkilingana dau linarudi kwa mwenyewe. Ushindi wa kawaida hulipwa sawa na dau. Blekijeki hulipwa 3 kwa 2: uliweka 10,000, unapata 15,000 juu yake.

Hatua ya nne: tazama karata ya mgawaji kabla ya zako

Wageni wengi hutazama karata zao tu na kujiuliza kama wanathubutu. Swali hilo halisaidii. Anza na karata ya mgawaji inayoonekana, kwa sababu ndiyo inayokwambia kama mwenzako yuko matatani.

Akionyesha 4, 5 au 6, yuko matatani. Mara nyingi atalazimika kuvuta akiwa na mkono wa 14, 15 au 16, na kanuni haimruhusu kuacha. Kwa karata ya 5 au 6 huchanika takribani mara 42 katika 100. Akionyesha 2 au 3 yuko kwenye hali ya kati, kama mara 35 hadi 37. Kuanzia 7 kwenda juu mambo yanageuka: kwa 7 huchanika mara 26 tu, na kwa kumi kidogo zaidi ya mara 20.

Chukua mfano. Una 9 ya kopa na 7 ya pau, jumla 16. Huu ndio mkono mbaya kuliko yote. Mgawaji anaonyesha 6 ya uru. Ukiomba, kati ya aina 13 za karata, aina 8 zitakuchana: 6, 7, 8, 9, 10 na wazungu watatu. Hiyo ni zaidi ya mara 61 katika 100. Kwa nini ujichome wakati yeye ndiye mwenye mzigo? Simama. Mwache avute.

Sasa badilisha karata yake iwe 7. Mkono wako ni ule ule, 16, na hatari yako ya kuchanika ni ile ile. Lakini safari hii uwezekano mkubwa ni kwamba atafika 17 au zaidi, na 16 yako haimshindi mtu yeyote. Ukisimama, kwa wastani unapoteza karibu 48 kwa kila 100 unazoweka. Ukiomba unapoteza karibu 41. Zote ni hasara, nami sitaki kumdanganya mtu kwamba kuna njia ya kuugeuza mkono huo uwe mzuri. Unachochagua ni hasara iliyo ndogo. Wenye kushindwa kulikubali jambo hili ndio wanaosimama na 16 mbele ya 7 kwa kuogopa kuchanika, kisha mgawaji anafunua na kuwachukulia dau huku wamekaa kimya.

Hatua ya tano: maamuzi yenyewe

Yafuatayo ni kwa mchezo wa pakiti kadhaa, mgawaji akisimama kwenye kila 17. Usiyakariri yote siku moja.

Mikono isiyo na ree hai ndiyo mingi, kwa hiyo anza nayo. Ukiwa na 17 au zaidi, simama daima. Ukiwa na 13 hadi 16, simama mgawaji akionyesha 2 hadi 6, omba akionyesha 7 na kuendelea. Ukiwa na 12, simama kwa 4, 5 na 6 tu. Kwa 2 na 3 omba, maana katika aina 13 ni nne tu zinazoweza kukuchana. Ukiwa na 8 au chini, omba bila kufikiri, huwezi kuchanika.

Nimeruka 9, 10 na 11 kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo unaporudisha ulichopoteza kwingine. Kanuni inakuruhusu kuongeza dau la pili lililo sawa na la kwanza, kwa sharti kwamba utapewa karata moja tu. Ukiwa na 11, ongeza dau mbele ya karata yoyote ya mgawaji isipokuwa ree. Ukiwa na 10, ongeza akionyesha 2 hadi 9. Ukiwa na 9, ongeza akionyesha 3 hadi 6. Nimewaona watu wakiijua kanuni hii vizuri na bado wakashindwa kuifuata, kwa sababu kusukuma fedha nyingine mezani kunatisha. Asiyeongeza dau anapostahili anabaki na mabaya yote ya mchezo bila uzuri wake. Ikiwa dau la mwanzo ni kubwa kiasi kwamba huna moyo wa kulirudufu, basi lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo.

Mikono yenye ree hai inataka ujasiri zaidi, maana karata moja haiwezi kukuchana. Ree na 8, ree na 9: simama. Ree na 6 kushuka chini: usisimame kamwe, hata kama 17 inaonekana tosha. Ongeza dau akionyesha 5 au 6, vinginevyo omba. (Kwa ree na 6 ongeza pia kwa 3 na 4, kwa ree na 4 au ree na 5 ongeza pia kwa 4.) Ree na 7 ndiyo inayowasumbua watu: simama mbele ya 2, 7 na 8, ongeza dau mbele ya 3 hadi 6, omba mbele ya 9, kumi na ree. Ndiyo, unaomba ukiwa na 18, kwa sababu mbele ya karata hizo 18 hushindwa mara nyingi kuliko kushinda.

Ukipata jozi, karata mbili za thamani moja, unaruhusiwa kuzitenganisha ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Tenganisha ree mbili daima. Tenganisha 8 mbili daima, kwa kuwa pamoja ni ile 16 mbaya, na 8 peke yake ni mwanzo unaovumilika. Kumi mbili usitenganishe kamwe. 20 ni mkono wa kushika kwa mikono miwili. Tano mbili nazo usitenganishe, zichukulie kama 10 na uongeze dau. Nne mbili, omba tu. 2, 3 na 7 zitenganishe mbele ya 2 hadi 7, na 6 mbele ya 2 hadi 6. Jozi ya 9 itenganishe mbele ya 2 hadi 6, na mbele ya 8 na 9. Mbele ya 7 simama, maana mgawaji pengine ana 17 na wewe una 18.

Sasa ile tofauti niliyoahidi kuirudia. Mahali ambapo mgawaji hajigawii karata ya pili mpaka mwisho, anaweza kupata blekijeki baada ya wewe kuongeza au kutenganisha, na kwa kanuni za kasino nyingi madau yote yanakwenda. Kwenye meza kama hiyo, akionyesha kumi au ree usiongeze dau wala usitenganishe 8, omba tu. Ree mbili zitenganishe mbele ya kumi, si mbele ya ree.

Bima: kataa

Mgawaji akionyesha ree atawauliza kama mnataka bima. Ni dau la pembeni, nusu ya dau lako, linalolipwa 2 kwa 1 akiwa na blekijeki. Jina lake zuri limewapotosha wengi. Fanya hesabu: pakiti sita zina karata 312. Toa ree yake, zinabaki 311, na kati yake 96 ni za kumi. Ukiweka shilingi moja mara 311, utashinda mara 96 na kupata 192, utashindwa mara 215. Umepungukiwa 23, yaani zaidi ya asilimia 7. Hata ukiwa na blekijeki yako mwenyewe mkononi, kataa.

Hatua ya sita: isome meza kabla ya kukaa

Malipo ya blekijeki huandikwa juu ya kitambaa cha meza. Tafuta 3 kwa 2. Ukikuta 6 kwa 5, geuka uondoke. Kwa dau la 10,000 ni tofauti ya 15,000 na 12,000, na kwa kuwa blekijeki huja mara moja katika mikono 21 hivi, tofauti hiyo huongeza faida ya kasino kwa takribani asilimia 1.4. Wachezaji wengi hulipita andiko hilo bila kulisoma, nami nalichukia kuliko ujanja mwingine wowote wa mchezo huu, kwa sababu linamnyang'anya mtu aliyejifunza vizuri. Tazama pia kama mgawaji husimama kwenye ree na 6 au huvuta. Akivuta, ni asilimia 0.2 hivi zaidi kwa kasino.

Hesabu ya fedha ni hii. Tuseme unaweka shilingi 5,000 kwa mkono, mikono 60 kwa saa. Umezungusha 300,000. Kwa maamuzi sahihi na meza nzuri, faida ya kasino ni karibu asilimia 0.5, basi gharama yako kwa wastani ni 1,500 kwa saa. Meza ya 6 kwa 5 inaipandisha hadi 5,700. Ukicheza kwa kumuiga mgawaji, kuvuta mpaka 17 bila kuongeza wala kutenganisha, ni asilimia 5 na nusu hivi: 16,500.

Wastani, lakini, hauonekani kwa macho ya saa moja. Katika mikono 60 kupanda au kushuka kwa shilingi 45,000 ni jambo la kawaida kabisa, kwa mtu mwenye ujuzi na asiye nao. Usiku mmoja wa kushinda haukuthibitishii kitu. Na usiku wa kupoteza haudaiwi mezani: karata hazijui kwamba umepoteza, na kurudufu dau ili kurudisha kilichopotea hakupunguzi faida ya kasino hata senti, kunaongeza tu fedha zinazopita chini yake. Fedha ya ada, ya kodi ya nyumba, ya mkopo isifike karibu na meza hii.

Kuhusu kuhesabu karata

Utaulizwa, basi ujue. Karata za 2 hadi 6 zikitoka, mchezaji ananufaika, maana zilizobaki zina kumi na ree nyingi. Anayehesabu huongeza 1. Kumi na ree zikitoka, hupunguza 1. Saba, nane na tisa ni sifuri. Hesabu ikipanda sana, anaongeza dau. Ni kazi ya kichwa tu. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey, katika kesi ya mhesabu karata Ken Uston, iliamua kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa ujuzi huo peke yake. Kwingineko humwonyesha mlango. Siku hizi mashine zinazochanga karata bila kupumzika zimeufanya ujuzi huo usiwe na kazi kwenye meza nyingi. Jifunze maamuzi ya kawaida kwanza. Asiyeyajua hahitaji kuhesabu chochote.

Mazoezi ya mikono mia

Tafuta mwenzako, pakiti mbili zilizochanganywa, punje mia mbili za kunde na kikombe. Mmoja awe mgawaji kwa mikono 50, kisha mbadilishane. Mkono wa kwanza hadi wa mia, mchezaji acheze kama mgawaji: avute mpaka 17, asimame. Kila mchezaji anapochanika, mgawaji achukue punje ya dau kama kawaida, lakini safari hii asikusanye karata. Aendelee na zamu yake, kwa ajili ya kuona tu. Naye akichanika, tieni punje moja ya ziada kikombeni.

Mkimaliza, mimineni kikombe mezani mhesabu. Mara nyingi mtakuta punje nane, pengine sita, pengine kumi na moja. Hizo ndizo sare ambazo hazikuwa sare. Kisha chezeni mikono mia mingine, mara hii kwa maamuzi ya hatua ya tano: kusimama na 12 mbele ya 5, kusimama na 16 mbele ya 6. Hesabuni kikombe tena, muone zimepungua ngapi.